Hasheem Thabeet hakuchemsha: uchambuzi wa safari ya Makongo hadi namba 2

Ukikaa kwenye ngazi za saruji za uwanja wowote wa kikapu hapa Dar es Salaam, ukataja jina la Hasheem Thabeet, hazipiti dakika mbili mtu atasema, "Yule alichemsha." Mara nyingi anayesema hivyo hana chuki naye. Anarudia alichosikia, na namba anazo: kijana aliyechaguliwa wa pili mwaka 2009, klabu za NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, zilipochagua wachezaji wapya kwa zamu, alimaliza ligi ile akiwa na mechi 224, na wastani kwa mechi wa pointi 2.2 na ribaundi 2.7, yaani mipira aliyoidaka baada ya mtupo kukosa. James Harden alichaguliwa nyuma yake. Stephen Curry alikuwa wa saba. Wote wawili wakawa nyota wakubwa. Hapo mazungumzo yanakuwa yamekwisha, watu wanahamia kwenye Simba na Yanga.

Mimi siwezi kuliacha hapo, kwa sababu jambo hili linanifuata hadi kazini. Nafundisha watoto kikapu wikiendi, na kila mwaka kuna mzazi au mlezi anayekuja na mtoto mrefu. Mwaka jana alikuja mjomba mmoja, Jumamosi saa tatu asubuhi, jua limeshaanza kuchoma. Nyuma yake alikuwa mpwa wake wa miaka 14, ananizidi urefu kwa kichwa kizima, amevaa kandambili kwa sababu mguu wake haujapata raba. Walikwenda Karume kutafuta za mitumba, namba yake haikuwepo. Kijana akanisalimia, "Shikamoo mwalimu," kwa sauti ndogo, mabega ameyainamisha kama watu warefu wanavyozoea kufanya kwenye daladala.

"Kocha," mjomba akasema, "nimekuletea Hasheem mwingine. Samaki mkunje angali mbichi. Wewe niambie tu, itachukua miaka mingapi afike Marekani?"

Siku ile sikumjibu. Nilimwambia amlete tena wiki inayofuata. Lakini swali lake lilinifanya niipitie safari nzima ya Hasheem upya, hatua kwa hatua, na ninachokiandika hapa ndicho nilichopaswa kumjibu.

Alipoanza

Hasheem alizaliwa hapa Dar es Salaam tarehe 16 Februari 1987. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto. Kikapu alikianza akiwa na miaka 15 hivi, na jambo hili watu wanalipita haraka mno. Miaka 15 ni umri ambao mtoto wa mtaani Chicago au Belgrade anakuwa ameshacheza miaka saba au minane. Ameshafungwa mara elfu, ameshakosea mguu wa kuanzia, amefokewa, amesahihishwa, mpaka mwili wenyewe unajua cha kufanya kabla kichwa hakijafikiri. Hasheem alianza na urefu, na urefu si ujuzi. Urefu unaficha kutojua. Ukiwa umewazidi wote pale uwanjani, unanyoosha mkono tu na mpira ni wako, kwa hiyo hakuna anayegundua kwamba miguu yako haijafundishwa, hata wewe mwenyewe.

Alisoma Makongo, shule ya jeshi jirani na Lugalo ambayo kwa miaka mingi imekuwa na jina kwenye michezo ya shule za sekondari. Kutoka hapo akaenda Marekani. Kule hakukaa sehemu moja: alipita shule ya California, nyingine ya Picayune kule Mississippi, na mwisho Cypress Christian, Houston, Texas. Shule tatu ndani ya muda mfupi. Kila shule ina kocha wake, na kila kocha ana msimu mmoja wa kushinda. Mwalimu aliyepewa kijana wa mita 2.21 kwa msimu mmoja, mimi naamini atamweka chini ya kikapu na kumwambia anyooshe mikono. Hatatumia miezi sita kumfundisha kugeuka kwa mguu wa kushoto. Simlaumu, kwa sababu ratiba yake haimpi miezi sita. Lakini mtoto analipa baadaye.

Miaka mitatu ya Connecticut

Mwaka 2006 aliingia Chuo Kikuu cha Connecticut, chini ya kocha Jim Calhoun, na hapa ndipo wanaosema alichemsha wanapaswa kukaa kimya kidogo. Mwaka wa kwanza alikuwa na wastani wa pointi 6.2 na ribaundi 6.4. Mwaka wa pili pointi 10.5 na ribaundi 7.9. Mwaka wa tatu pointi 13.6 na ribaundi 10.8. Bloki zake, yaani mitupo ya wapinzani aliyoizuia, kwa kila mechi zilikuwa 3.8, kisha 4.5, kisha 4.2. Kwa miaka mitatu alizuia mitupo 417. Kijana aliyeushika mpira wa kikapu kwa mara ya kwanza miaka saba kabla ya hapo alitajwa mwaka 2009 kuwa mchezaji bora wa Big East, ukanda wa mashindano ya vyuo ambao Connecticut walicheza, akigawana tuzo na DeJuan Blair wa Pittsburgh, na tuzo ya mlinzi bora wa ukanda huo aliichukua misimu miwili mfululizo. Big East ya wakati ule ilikuwa mahali pa watu wazima. Ni ukanda ule ule ambao mwezi Machi 2009 Connecticut na Syracuse walicheza muda wa nyongeza mara sita, na Syracuse wakashinda 127 kwa 117.

Januari 31, 2009, dhidi ya Providence, alimaliza mechi na pointi 15, ribaundi 11 na bloki 10. Bloki 10 kwa mtu mmoja, mechi moja. Hapa kwetu zipo mechi za wakubwa ambazo timu zote mbili kwa pamoja hazifikishi bloki 10.

Sasa tazama jinsi kazi yake ilivyokuwa ikifanyika, maana hapa ndipo kisa kilipojificha. Walinzi wa nje wa Connecticut walikuwa wakimsukuma mshambuliaji aelekee katikati kwa makusudi, wakijua kuna mnara umesimama pale. Mshambuliaji akiupita ukuta wa kwanza anakutana na Hasheem. Akirusha, mpira unarudishwa. Asiporusha, anatoa pasi akiwa na woga. Hasheem hakuhitaji kukimbia huku na huku. Alihitaji kukaa mahali pamoja, kusubiri, na kuruka kwa wakati. Na kanuni za vyuo vya Marekani zilimruhusu kabisa: mlinzi anaweza kukaa chini ya kikapu chake kwa muda wowote anaotaka.

Kwenye NBA hawezi. Tangu msimu wa 2001/02 ligi ile ina kanuni ya sekunde tatu kwa mlinzi pia. Ukikaa kwenye eneo la chini ya kikapu zaidi ya sekunde tatu bila kuwa karibu na mtu unayemlinda, timu nyingine inapewa mtupo wa bure na mpira unarudi kwao. Ina maana kazi ambayo Hasheem aliijua kuliko nyingine zote ilikuwa kosa kule alikokuwa akienda. Alitakiwa atoke, aguse mtu, arudi, atoke tena, kwa kasi, kwa dakika 48 za mechi badala ya 40. Sijawahi kumsikia mtu wa kijiweni akilitaja hili. Kwangu ni nusu ya jibu.

Siku yake ya kuzaliwa

Nusu ya pili nitaionyesha kwa mechi moja.

Tarehe 16 Februari 2009 Hasheem alitimiza miaka 22. Siku hiyo Connecticut walikuwa namba moja nchini na walicheza na Pittsburgh. Aliyekuwa mbele yake ni Blair, kijana wa mita 2.01 hivi. Hasheem alimzidi karibu sentimita 20. Kwa hesabu ya kijiweni, hiyo ni mechi ya kupeta.

Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Hasheem alikuwa na pointi 5 na ribaundi 4. Pittsburgh walishinda 76 kwa 68. Kuna tukio moja la mechi ile ambalo mpaka leo watu wanalitazama kwenye simu: wanagombea mpira, mkono wa Hasheem unanasa kwa Blair, Blair anainama, na yule mtu wa mita 2.21 anapitishwa juu ya bega lake na kutua chini. Wengi wanacheka. Mimi nimeitazama mara nyingi na ninachokitazama ni nyonga. Nyonga za Blair ziko chini, magoti yamekunjwa, uzito wake wote uko kwenye unyayo. Nyonga za Hasheem ziko juu, amesimama kama mtu anayesubiri basi. Aliyesimama wima hana mahali pa kushikilia. Ukimgusa anakwenda.

Hilo si suala la moyo wala ujasiri. Ni jambo linalofundishwa kwa mtoto wa miaka 10, kila siku, kwa kumsukuma kiunoni na kumwambia, "Kaa chini. Kaa chini. Kaa chini zaidi." Linachosha na halina picha nzuri, na mtoto mrefu kuliko wote halihitaji ili ashinde, kwa hiyo analiruka. Hasheem alikutana na somo hilo mbele ya nchi nzima, siku yake ya kuzaliwa, miezi minne kabla ya kuchaguliwa NBA.

Tena, tusisahau kilichofuata. Hakuanguka pale akabaki chini. Timu yake ilimaliza msimu na ushindi 31 na vipigo 5, na ilifika nusu fainali ya taifa kule Detroit, ilikofungwa na Michigan State 82 kwa 73. Huyo ndiye mtu tunayesema alichemsha.

Namba 2

Usiku wa Juni 25, 2009 kule New York, hapa kwetu tayari ilikuwa tarehe 26, saa nane na nusu usiku, shughuli ya kuchagua ilianza. Los Angeles Clippers walimchukua Blake Griffin. Memphis Grizzlies wakamchukua Hasheem Thabeet. Mtanzania wa kwanza kuingia NBA. Kesho yake asubuhi jina lilikuwa kwenye kila redio, na wenzangu ambao hawakuwahi kuutazama mpira wa kikapu walinisimamisha njiani kuniuliza mita 2.21 ni ndefu kiasi gani. Niliinua mkono juu kadiri nilivyoweza, halafu nikasema, "Ongeza."

Naomba msomaji alishike neno hili: namba 2 ulikuwa uamuzi wa Memphis. Hasheem hakujipa namba hiyo. Hakuna mahali alipoapa kwamba atakuwa bora kuliko Harden na Curry. Klabu ilimpima, ikaona urefu, ikaona bloki, ikakisia atakavyokuwa baadaye. Makisio yale yalikuwa mabaya, na hasara ya makisio mabaya ikaandikwa kwenye jina la kijana.

Ubaya wake unaonekana ukiangalia timu yenyewe. Memphis walikuwa tayari na Marc Gasol kwenye nafasi ya senta, yaani mtu mrefu wa chini ya kikapu, na kiangazi kile kile wakamleta Zach Randolph. Wawili hao ndio waliokuja kuwa nguzo ya timu kwa miaka. Kocha Lionel Hollins alitaka kushinda, na dakika za kufundishia mtu hazikuwepo. Msimu wa kwanza Hasheem alicheza mechi 68, dakika 13 kwa mechi, pointi 3.1, ribaundi 3.6, bloki 1.3. Itazame hiyo bloki: 1.3 ndani ya dakika 13. Mkono bado ulikuwa unafanya kazi. Kilichokosekana ni muda wa kukosea.

Februari 2010 alipelekwa Dakota Wizards kwenye ligi ndogo, D-League. Hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kama yeye aliyekuwa amewahi kupelekwa kule, na vyombo vya habari viliiandika kama aibu. Mimi naiona tofauti. Kwa kijana mwenye miaka minane tu ya mchezo, ligi ndogo ndiyo ilikuwa shule yake halisi. Alipaswa aanzie kule na akae. Tatizo ni kwamba ukishapewa namba 2 huwezi kwenda shule bila watu kusema umefukuzwa kazi.

Msimu wa pili dakika zilipungua hadi 8 kwa mechi. Februari 24, 2011, Memphis walimpeleka Houston Rockets pamoja na DeMarre Carroll, wakampata Shane Battier na Ish Smith. Miezi miwili baadaye Battier alifunga mtupo wa pointi tatu uliowapa Memphis ushindi wao wa kwanza kabisa kwenye hatua ya mtoano, dhidi ya San Antonio. Kwa upande wa Memphis hesabu ilijipa. Kwa upande wa Hasheem, Houston alicheza mechi 7 katika misimu miwili. Saba. Halafu Machi 2012 akapelekwa Portland, mechi 15.

Kuna jambo la mkataba hapa ambalo wazazi wetu wanapaswa kulijua. Mchezaji aliyechaguliwa raundi ya kwanza wakati ule alikuwa na miaka miwili ya uhakika. Mwaka wa tatu na wa nne ulikuwa hiari ya klabu. Wa tatu Hasheem aliupata, wa nne haukuchukuliwa. Miaka mitatu baada ya usiku ule wa New York, mtu aliyechaguliwa wa pili duniani alikuwa anatafuta kazi.

Oklahoma City wakampa. Hapo aliingia kwenye timu ya Kevin Durant, Russell Westbrook na Serge Ibaka, senta wa kuanza akiwa Kendrick Perkins, na msimu wa 2012/13 alicheza mechi 66 kama mtu wa akiba. Dakika chache, kazi moja, akaifanya. Mimi huo ndio msimu wake wa NBA ninaouheshimu zaidi, kwa sababu alikuwa ameshasemwa vibaya na kila mtu na bado akajitengenezea mahali. Mwaka uliofuata klabu ikamchagua Steven Adams, kijana, mwenye nyonga za chini na nguvu za ng'ombe wa jembe, na mechi za Hasheem zikashuka hadi 23. Agosti 2014 akapelekwa Philadelphia, wakamwacha baada ya siku chache. Detroit wakamwita kambini, nao wakamwacha kabla msimu haujaanza. NBA ikaishia hapo. Jumla mechi 224.

Mfano unaonipinga

Sasa nijipinge mwenyewe, maana hoja ya kuchelewa kuanza ina tundu.

Hakeem Olajuwon naye aliushika mpira wa kikapu akiwa na miaka 15, Lagos. Joel Embiid naye 15, Yaoundé. Olajuwon alichukua ubingwa wa NBA 1994 na 1995, na mpaka leo hakuna aliyezuia mitupo mingi kuliko yeye, 3,830. Embiid alikuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2023. Kama kuchelewa kungekuwa hukumu, hawa wawili wasingekuwepo.

Nimelifikiria hili sana. Olajuwon alikuja na miguu iliyokwishafundishwa na michezo mingine: mpira wa mikono, na soka akiwa golikipa. Golikipa anajua kukaa chini, anajua kugeuka, anajua kusukuma ardhi. Halafu alipofika Chuo Kikuu cha Houston, mwaka wa kwanza hakucheza mashindano, alifanya mazoezi tu. Na viangazi alikwenda kwenye ukumbi wa Fonde mjini Houston kucheza na Moses Malone, ambaye wakati ule hakuna mtu duniani aliyemshinda kwa kugombea ribaundi. Malone hakumwonea huruma. Alimsukuma, akampiga kiwiko, akamchukulia mpira mikononi, siku baada ya siku, mahali pasipo na kamera. Embiid naye, baada ya kuchaguliwa wa tatu mwaka 2014, alikaa misimu miwili mizima bila kucheza kwa sababu ya mguu. Ilikuwa maumivu kwake, lakini katika misimu hiyo hakuna aliyemhesabia pointi, na aliporudi Oktoba 2016 alirudi mtu mwingine.

Wote wawili walipata kitu ambacho Hasheem hakukipata: muda wa kuonekana hawafai bila kuhukumiwa, na mtu wa kuwasukuma kabla ya siku ya mechi. Malone wa Hasheem alikuwa Blair, na alikuja na kamera.

Na hapa lazima nimguse Hasheem pia, kwa heshima yote. Ribaundi 3.6 kwa mtu wa mita 2.21 haielezeki yote kwa kanuni na dakika. Ribaundi ni kazi ya kutaka nafasi na kuishika, na mara nyingi aliachia nafasi. Yeye mwenyewe bila shaka anajua zaidi yangu kilichokuwa kikiendelea mwilini mwake. Ninachokiona kwenye picha ni mtu aliyekuwa akifikiri wakati wenzake wanatenda. Ndivyo mwili uliochelewa kufundishwa unavyoonekana.

Baada ya NBA

Watu wengi hapa wanadhani alistaafu mwaka 2014. Hakustaafu. Alicheza ligi ndogo na Grand Rapids, akaenda Japani msimu wa 2017/18 na Yokohama B-Corsairs, akarudi Marekani na Fort Wayne Mad Ants, kisha Taiwan na Hsinchu. Ligi ya Japani inafuata kanuni za kimataifa, ambazo hazina sekunde tatu kwa mlinzi. Akaweza tena kusimama chini ya kikapu na kusubiri, na mipira ikaanza tena kurudishwa.

Mwaka 2025, akiwa na miaka 38, alivaa jezi ya Dar City. Klabu ya hapa, jiji alikozaliwa, miaka zaidi ya ishirini tangu Makongo. Magoti ya mtu wa mita 2.21 yanapofika miaka 38 yamebeba mengi. Nilipomwona anapasha mwili moto, anakunja magoti polepole, anashuka chini kabisa, anakaa pale, nilijikuta natazama nyonga. Zilikuwa chini.

Kijana wa kandambili

Mjomba alirudi wiki ile iliyofuata kama tulivyokubaliana. Raba walizipata kwa fundi mmoja aliyeunganisha soli mbili. Nilimweka kijana mgongo wake ukinielekea, nikamwambia asimame anavyosimama siku zote, nikamsukuma kiunoni kwa kiganja kimoja, si kwa nguvu. Akaenda hatua mbili. Mjomba akashtuka, akainuka pale alipokaa.

Nikamwambia, "Mzee wangu, uliniuliza miaka mingapi afike Marekani. Hiyo sijui. Ila naweza kukwambia itachukua muda gani mpaka nimsukume hivi asisogee."

"Muda gani?"

"Kwa wikiendi peke yake, saa nne kwa wiki, miaka mitatu. Akiweza siku tano kwa wiki, mwaka na nusu. Na katika muda wote huo atafungwa na watoto wafupi wa hapa, watamcheka, na wewe utakuja kuniambia nampotezea muda."

Mjomba alikaa kimya. Kisha akauliza jambo ambalo sijawahi kuulizwa na mlezi mwingine: "Na akienda huko kabla ya hiyo miaka mitatu?"

Hilo ndilo lenyewe. Maana wapo wanaopita kwenye mashindano ya shule, UMISSETA na mengine, wakipima watoto kwa macho. Wakimwona huyu watamtaka leo. Na kwa familia nyingi hapa, anayekuja na tiketi ya ndege hakataliwi. Sina ubavu wa kumwambia mtu akatae. Hasheem asingeondoka, pengine asingekuwa Hasheem, kwa sababu hapa nyumbani mwaka 2004 hakukuwa na mtu wa kumsukuma mwenye kilo na urefu wa kutosha. Leo wapo wachache: timu za JKT zina watu wenye nguvu, klabu za Vijana na Pazi zina wakongwe wanaojua kutumia viwiko. Ninachokitaka ni hawa wachukue saa moja kwa wiki waje kwenye viwanja vya watoto, wakae nyuma ya warefu wetu, wawasukume. Nimeshawaomba wawili. Mmoja amekubali, anakuja Jumanne saa kumi na moja jioni akitoka kazini, na kijana anamwogopa kweli kweli.

Kwa hiyo nilimjibu mjomba hivi: akija mtu na tiketi, msimkatae, lakini muulizeni maswali matatu kabla ya kusaini. Atakaa shule hiyo hiyo miaka mingapi? Nani atamfundisha siku ambazo hakuna mechi? Na asipocheza mwaka wa kwanza, bado mtamlisha na kumsomesha? Niliyaandika kwenye karatasi ya daftari la mahudhurio, akaikunja na kuiweka kwenye mfuko wa shati.

Kijana anaitwa "Hasheem" na wenzake sasa, na halipendi jina hilo, kwa sababu wanalitaja anapokosa. Juzi aliniuliza kama ni kweli Hasheem alishindwa. Nilimwambia aketi, nikamhesabia: alianza akiwa na miaka 15, akiwa na 22 alikuwa wa pili kuchaguliwa kati ya vijana wote wa dunia, akacheza mechi 224 kwenye ligi ambayo Watanzania wengine wote kabla yake walikuwa wamecheza sifuri. Akanyamaza, akaangalia raba zake za soli mbili.

"Mwalimu," akasema, "nisukume tena."